Mwenge na Kopo la Dawa ya Josho

Kila jioni, mbuzi wakishaingia zizini na maji yakishatekwa, Restuta aliketi kwenye kigoda nyuma ya jiko na kumwita Mwenge. Mbwa alikuja mbio na kujilaza chali mbele yake kama bwana mkubwa. Restuta alichukua chanuo la mti akaanzia masikioni, akashuka shingoni, kisha kwapani na tumboni. Kila kupe aliyemkuta alimng'oa na kumtupa motoni. Pwa! Hiyo ilikuwa kazi ya saa nzima, na haikuwa na likizo.

Mwenge hakufanana na mbwa wengine wa kijiji cha Nyamigogo. Wale walikuwa na manyoya mafupi, mbavu nje, na kazi yao ilikuwa kuwinda na kubweka. Mwenge alikuwa koli, mbwa wa kuchunga kondoo katika nchi za baridi huko Ulaya. Pua yake ilikuwa ndefu, kifua cheupe, na manyoya ya hudhurungi yalining'inia hadi karibu na magoti. Watu waliomwona mara ya kwanza waliuliza kama ni mbwa au ni kondoo aliyekosea njia.

Alipatikana hivi. Mwezi wa Mei mwaka 1978, mbwa wa padri mmoja mzungu alizaa watoto watatu. Baba yake Restuta, Mzee Desderius, alikuwa amejenga ukuta wa zahanati ya misheni, na mwezi wa Agosti padri akamwambia aje achague mmoja. Baba akaenda na binti yake, kwa sababu alijua nani angepewa kazi ya kumtunza.

"Tumsifu Yesu Kristo," Restuta alisalimia.

"Milele na milele, amina," padri aliitikia. Kisha akawafungulia mlango wa banda.

Restuta alimpenda papo hapo yule mkubwa mwenye shingo nyeupe, lakini Baba hakuwa mtu wa kuchagua kwa macho peke yake. Aliokota bakuli la bati akaliangusha nyuma ya watoto wale. Kwaa! Mmoja alikimbilia chini ya benchi na hakutoka tena. Yule mkubwa alilirukia bakuli akaling'ata kwa hasira. Wa tatu aliruka, akakimbia hatua chache, akasimama. Halafu alirudi taratibu akalinusa.

"Huyu," Baba alisema. "Ameogopa, lakini amerudi kuuliza. Mwoga atakimbia fisi, na mkali atang'ata mbuzi wetu. Huyu ana akili."

Padri alimgeukia Restuta. "Mwanangu, sikupi mbwa, nakupa kazi. Manyoya haya usiyanyoe, maana yanamkinga na jua pia. Mpe kivuli na maji safi. Apate chanjo ya kichaa cha mbwa. Msimfunge kamba mchana kutwa, maana bila kazi ataharibika. Na huku kwenu kupe ni wengi. Nani atamchana kila siku?"

"Mimi, Padri."

"Kila siku?"

"Kila siku," Restuta alijibu, na alisema kweli kabisa. Kuahidi ni rahisi ukiwa umempakata mtoto wa mbwa anayekulamba kidevu.

Miezi miwili ya kwanza mambo yalikwenda vizuri. Mwenge alikula ugali na dagaa, akapata chanjo, akaanza kuwafuata mbuzi kumi na mmoja wa familia. Hakuna aliyemfundisha. Mbuzi akielekea shamba la pamba la kijiji, Mwenge alimzunguka na kumkodolea macho mpaka akarudi mwenyewe. Wazee walitikisa vichwa wakacheka.

Kisha, mwishoni mwa Oktoba, redio ya mwalimu mkuu ikatangaza kwamba majeshi ya Nduli, mtawala wa Uganda, yamevuka mpaka na kuingia Kagera. Wanaume wa mgambo wakaitwa. Mzee Desderius alikuwa mmojawapo. Siku ya kuondoka, lori likiwa limeshawashwa, alimshika Restuta bega.

"Mama yako atakuwa na shamba letu na shamba la kijiji. Privatus bado mdogo. Mbuzi na mbwa nimekuachia wewe. Unanisikia?"

"Nakusikia, Baba. Nitawatunza."

Restuta alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Tangu siku ile alijiapiza kwamba Baba akirudi, hatakuta mnyama hata mmoja amepungua. Aliamka kabla ya jogoo, akateka maji, akafungua mbuzi, akaenda shule, akarudi kulima. Na jioni, chanuo.

Jirani yao Odeta, waliyesoma naye darasa moja, hakumwacha apumue. "Njooni muone! Restuta anamsuka mbwa! Msuke mtindo wa twende kilioni, Jumapili mwende naye kanisani!"

Watoto walicheka mpaka wakashika matumbo. Restuta alijifanya hasikii, ila moyoni aliumia. Kusema kweli, nani kijijini alikuwa amewahi kuona mbwa anachanwa nywele?

Desemba mvua zilikaza, na nyasi zikajaa kupe. Ile saa moja ikawa saa moja na nusu. Siku moja Restuta alilala bila kumchana Mwenge. Wiki iliyofuata akaruka siku mbili mfululizo. Alipomshika tena, manyoya yalikuwa yamefungamana, na nyuma ya masikio kupe walikuwa wamevimba kama maharage. Aliona aibu. Angeweza kumwambia Mama, "Kazi imenizidi." Hakusema. Alikuwa ameahidi, na aliona kwamba kulalamika ni kushindwa.

Ijumaa ikafika, siku ya josho. Ng'ombe wa kijiji kizima walipangwa mstari, wakarukia mmoja mmoja ndani ya shimo la saruji lililojaa dawa, wakaogelea na kutokea upande wa pili wakichuruzika. Restuta aliwatazama. Kesho yake, alijua, kupe wote watakuwa wamepukutika. Ng'ombe mmoja, dakika moja. Na yeye saa nzima na chanuo lake! Basi akaona amepata dawa ya tatizo lake.

Nyuma ya josho yalilala makopo ya dawa iliyokwisha, yakingoja kufukiwa. Kila kopo lilikuwa na picha ya fuvu la kichwa, na bwana mifugo, Bwana Nyanda, alikuwa ametangaza mkutanoni kwamba asiyaguse mtu. Restuta aliitazama ile picha. "Ng'ombe wanaogelea humo na hawafi," alijiambia. Akachukua kopo moja akalificha ndani ya khanga.

Jumamosi asubuhi, Mama akiwa shambani, alitia maji ndani ya lile kopo, lililokuwa na mabaki ya dawa, akalitikisa, akamwagia Mwenge mwili mzima na kumsugua kwa mikono mitupu. Harufu ilikuwa kali. Kupe walianza kuanguka kweli, na Restuta akacheka peke yake kwa furaha. Alichosahau ni kitu kimoja: ng'ombe hawezi kujilamba mwili mzima, na dawa yake hupimwa. Mwenge alikwenda kivulini, akajilaza, na kwa kuwa manyoya yake yalikuwa yamelowa, akaanza kujilamba.

Kabla ya saa sita mchana mate yalikuwa yakimtoka kama povu la sabuni. Miguu ilitetemeka. Alijaribu kusimama akaanguka ubavu, na shingo ikakakamaa. Privatus alimkumbatia akilia. Mama, aliyekuwa ndiyo kwanza anarudi, alitupa jembe chini.

"Restuta! Mbwa amekula nini huyu?"

"Sijui, Mama." Uongo ulitoka upesi kuliko pumzi. "Labda... labda ameumwa na nyoka."

"Mungu wangu! Privatus, kimbia ukamwite Bwana Nyanda. Restuta, kaombe maziwa kwa kina Odeta. Sumu yoyote dawa yake maziwa!"

Mama Odeta hakuwa mchoyo. Alitoa maziwa kibuyu kizima, akaongeza samli, na Odeta mwenyewe akasaidia kuvibeba. Mama alikuwa ameshampanua Mwenge mdomo, kikombe kikiwa tayari, Bwana Nyanda alipoingia uani na baiskeli yake. Hakungoja hata salamu.

"Mama, simama kwanza! Ameguswa na nini?"

"Nyoka, Bwana Nyanda. Binti ndiye aliyekuwa hapa."

Bwana Nyanda alichuchumaa. Alitafuta alama ya meno ya nyoka asiione. Alinusa manyoya, akakunja uso. Kisha alimtazama Restuta, na sauti yake ilikuwa ya taratibu.

"Nisikilize vizuri, binti. Kama ni nyoka, maziwa hayatamdhuru. Lakini kama ni dawa ya josho, mafuta yaliyomo kwenye maziwa na samli yataiingiza sumu mwilini upesi zaidi, na mbwa huyu tutamzika leo. Pua yangu inaniambia jambo, lakini nataka kulisikia kwako. Tumpe au tusimpe?"

Odeta alikuwa amesimama palepale na bakuli la samli mkononi, akisikiliza. Mama naye alimtazama. Restuta aliona kikombe, akaona ulimi wa Mwenge umening'inia nje, wa buluu. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Usimpe, Mama," alisema. "Ni mimi. Nilichukua kopo josho. Nimemwogesha nalo. Nilisema uongo."

Mama aliinua mkono. Bwana Nyanda aliuzuia. "Baadaye, mama. Sasa maji na sabuni. Haraka!"

Vita vilikuwa vimefanya sabuni iadimike kama almasi, na nyumbani kilibaki kipande kimoja tu. Mama alikitoa papo hapo. Bwana Nyanda alifunga mifuko ya nailoni mikononi, akamnawisha Restuta kwa sabuni na kumfunga mingine, nao wakamsugua mbwa na kumsuuza mara nne. Privatus aliyemkumbatia Mwenge akaogeshwa naye, akipiga kelele za nguvu. Odeta aliweka samli chini akakimbilia kisimani na ndoo, akarudi, akakimbia tena. Mama alisaga makaa safi yakawa unga laini, yakakorogwa kwenye maji, na mbwa alipotulia kidogo na kuweza kumeza, wakamnywesha kijiko kwa kijiko.

"Makaa yatashika sumu iliyo tumboni," Bwana Nyanda alieleza. "Sasa mlazeni ndani, penye giza. Asiguswe ovyo. Kelele zitamletea degedege."

"Atapona?" Restuta aliuliza.

"Sijui. Sitakudanganya."

Restuta aliketi mlangoni mchana ule wote, akiwafukuza kuku wasipige kelele. Mara mbili Mwenge alikakamaa, na mara mbili aliachia. Jua lilipoelekea kutua kutetemeka kukapungua. Jumapili alikunywa maji. Jumatatu, Restuta alipotoka shule, alimkuta amesimama uani, miguu ikiyumba, akiwakodolea macho mbuzi waliokuwa wakisogelea mihogo. Restuta alilia hadharani, wala hakujali nani anamwona.

Jioni ile Bwana Nyanda alikuja, wakaenda pamoja kwa mwenyekiti wa kijiji.

"Shikamoo, Ndugu Mwenyekiti."

"Marahaba. Nasikia una neno."

Restuta alisimulia kila kitu, tangu siku alizoruka kumchana Mwenge. Hakumsingizia mtu, hakupunguza. Alipomaliza, Bwana Nyanda alikohoa. "Mimi pia nina kosa, Mwenyekiti. Makopo yale nilipaswa kuyafukia Ijumaa ileile. Niliyaacha."

Mwenyekiti aliamua wachimbe shimo la kufukia makopo wao wawili, refu kuliko mtu, mbali na kisima. Kesho yake walipofika na majembe, walimkuta Odeta ameshatangulia na lake.

"Nani kakuita?" Restuta aliuliza.

"Kwani lazima niitwe?" Odeta alijibu, akaanza kuchimba. Shimo lilipofika magotini akasema bila kumtazama, "Ningekuwa mimi, nisingesema. Mbele ya watu wote vile! Ningenyamaza tu." Jioni alikuja na chanuo la mama yake, akakaa upande wa pili wa Mwenge. Watu wawili wakamaliza kazi kwa nusu saa.

Bwana Nyanda aliwakuta hapo, akaegemeza baiskeli yake ukutani.

"Restuta, unajua ni nini kilichomponya mbwa huyu?"

"Makaa, Bwana Nyanda. Na sabuni."

"Makaa na sabuni vingekaa bure kama ungeendelea kusema nyoka. Mgonjwa hatibiwi kwa uongo, awe mtu au mnyama. Jambo la pili, dawa si maji. Ya ng'ombe ni ya ng'ombe, na kipimo chake anakijua aliyesomea. Na la tatu, kazi ya kufuga haina mkato. Njia ya mkato ungeilipia kwa roho ya mbwa."

Mama, aliyekuwa akipepeta mtama, aliongeza lake. "Na kazi ikikuzidi, mwanangu, sema. Mimi ni mama yako. Ulidhani nitakucheka?"

Restuta aliinamisha kichwa. "Nilimwahidi Baba, Mama."

"Basi lete daftari tumwandikie. Kuna lori linaondoka kesho kwenda mstari wa mbele."

Restuta alileta daftari na kalamu. Aliandika salamu, habari za mvua na za pamba, akafika mahali pa kueleza mifugo. Hapo akasita. Mbuzi walikuwa kumi na mmoja. Mbwa alikuwa hai, manyoya yake yanang'aa. Baba alikuwa mbali vitani, na angeweza kuandika "wote wazima" tu, na neno hilo lingekuwa kweli tupu. Alimtazama Mama. Mama aliendelea kupepeta.

Restuta akashika kalamu vizuri, akaandika kwa herufi kubwa zilizosomeka:

"Baba, Mwenge ni mzima. Nilikaribia kumuua mimi mwenyewe. Nitakueleza ilivyokuwa."