Kichwa cha Mali

Kila asubuhi Mama Mshonaji alifungua dirisha, akatia cherehani yake mafuta, akaanza kushona. Mumewe alikuwa mpaka rangi. Mtaani walimwita Fahari, kwa sababu hata kazini alikwenda na shati lililopigwa pasi.

Siku moja Fahari alirudi nyumbani akitabasamu.

"Mke wangu, wazazi wa mkwe wetu wanakuja Jumamosi. Watakaa wapi? Mkekani?"

"Mkeka una ubaya gani?"

"Watasema hatuna mali! Nimeongea na seremala. Tumpe cherehani, atupe kochi. Kochi kubwa, la watu wanne!"

Mama Mshonaji aliumia sana. Cherehani ile aliipenda.

"Na mimi nitashonea nini? Vidole?"

"Utapumzika. Mke wa tajiri hashoni."

Jirani yao alikuwa mwalimu wa kisomo cha watu wazima. Ukuta wao ulikuwa mwembamba.

"Hodi! Nimeleta sketi ipunguzwe. Na masikio nimekuja nayo."

"Karibu, mwalimu," Fahari alisema. "Hebu mwambie huyu. Kochi si mali?"

"Ni mali, shemeji. Na cherehani?"

"Mali pia. Tunabadilisha mali kwa mali."

"Hapo ndipo unapopotea. Neno rasilimali unalijua?"

"Nalisikia redioni kila siku. Madini, misitu..."

"Hata humu ndani imo. Rasi limetoka Kiarabu, maana yake kichwa. Rasilimali ni kichwa cha mali, kile kinachozaa mali nyingine. Cherehani hii inaleta unga na karo. Kochi linakaliwa tu, mwisho linachakaa."

"Kwa hiyo kochi ni baya?"

"Si baya hata kidogo. Ila kochi ni mkia. Nani anauza kichwa anunue mkia?"

Fahari alicheka, kisha akaitazama cherehani.

"Brashi zangu nisingempa mtu," alisema polepole. "Nisamehe, mke wangu. Kochi litasubiri."

Jumamosi wageni walifika. Baba wa mkwe wao, mzee mnene mwenye heshima zake, aliinama ili akae mkekani. Suruali ikapasuka nyuma, chwaa! Watu wote wakatazama dari.

"Usijali, baba," alisema Mama Mshonaji. "Hiyo ni kazi ndogo."

Alimpa shuka ajifunge, akakaa kwenye cherehani. Chai ilikuwa bado ya moto suruali iliporudi. Mzee aliigeuzageuza, hakuona hata ilipopasuka.

"Mama, sare za shule unashona? Mimi niko kwenye kamati ya shule yetu. Tunatafuta fundi."

"Anashona!" Fahari alijibu kabla ya mkewe.

Sare zilishonwa, na faida yake ikanunua kochi. Siku hizi mgeni akilisifu, Fahari humkatiza.

"Kaa, ndugu yangu, jisikie nyumbani. Lakini huo ni mkia tu. Kichwa kile pale dirishani, kiko kazini."