Maneno Aliyomwambia Yeye Peke Yake

"Rudia hapo," Issouf alisema.

Mwigizaji akarudia: "Mama aliniita akiwa kitandani. Nilimsikia, nikaenda kucheza mpira."

Walikuwa uani kwenye chuo cha filamu, Ouagadougou, wakisoma kwa mara ya kwanza hadithi ya filamu fupi ya Noélie. Wiki iliyofuata wangeanza kupiga picha, na mpiga picha alikuwa Issouf, mchumba wake. Maneno yale yalikuwa ya Issouf. Alimwambia Noélie peke yake, siku alipomposa.

"Noélie, haya umeyatoa wapi?"

"Tuongee pembeni, Issouf."

"Nimekuuliza hapa."

Noélie akainamisha kichwa. "Kwako."

Issouf akaiweka kamera mezani taratibu, akapanda pikipiki yake, akaondoka.

Jioni Noélie akamwandikia: "Kila siku nilitaka kukuomba ruhusa, nikaogopa utakataa."

Jibu likaja: "Ulijua nitakataa. Ndiyo maana hukuomba."

Asubuhi Noélie alikwenda kwa mwalimu wake.

"Naiondoa hadithi."

"Nyumba ya kupigia picha mmepata, waigizaji mnao. Binti, utarudia mwaka."

"Nitarudia. Hadithi si yangu."

Habari zilimfikia Issouf kupitia kwa waigizaji. Alimkuta Noélie nyumbani kwao, anasonga tô, ugali wa mtama.

"Mmosi akiachia kitu mwenyewe, ujue kaumia," Issouf alisema, kwa utani wa kabila lake la Wasamo kwa Wamosi, kabila la Noélie.

"Na Msamo akimtania mtu aliyemkosea?"

Issouf hakucheka, ila alivuta kigoda akakaa.

"Kwenye hadithi yako mtoto anarudi, anamshika mama mkono."

"Nilitamani ungelipata hilo."

"Sikulipata. Niliporudi nilikuta watu wanalia. Umenipa msamaha wa sinema, Noélie. Huo unanichoma kuliko ile aibu."

Mwiko ukasimama. "Nimekukosea. Sina la kujitetea."

Issouf akasogeza kigoda karibu na moto.

"Jumamosi nakwenda kwetu Tougan. Baba hajui kwamba mama aliniita. Nataka kumwambia. Njoo ukae karibu, usiseme kitu."

Wakaenda. Mzee Toé, baba yake Issouf, alisikiliza akiwa kwenye mkeka wake, macho chini, mpaka mwanawe akamaliza.

"Hata mimi aliniita," alisema. "Nilikuwa nakunywa dolo, pombe yetu ya mtama, na wenzangu. Nikamwambia aliyetumwa: nenda, nakuja."

Issouf akasogea, akakaa bega kwa bega na baba yake, na wote wawili wakalia kimya kimya. Noélie naye machozi yalimtoka, lakini alibaki pale pale alipokuwa.

Baadaye mzee akajifuta uso, akamtazama.

"Huyu ndiye mke?"

"Ndiye, baba."

"Wa wapi?"

"Mmosi."

"Mtani wetu." Mzee akatikisa kichwa. "Kati ya wanawake wote, umekwenda kuniletea Mmosi. Haya, mwanangu, sogea hapa mkekani. Kesho utatulimia shamba."

"Nitalima, baba," Noélie alisema, akavua viatu, akakaa upande wa pili wa mzee.