Nyimbo Arobaini za Flashi Nyekundu

"Usiniambie unapenda nini, dada. Simama tu hapo nikuone."

Ketura alisimama. Ilikuwa siku ya soko Bwera, na nyuma yake watu walipita na magunia ya kakao, ndoo za mawese na kuku waliofungwa miguu, kila mmoja akimsukuma mwenzake kwa kiwiko. Alivaa gauni la kitenge cha bluu chenye ndege wa manjano, alilolishona mwenyewe, na kilemba cha kitambaa hichohicho. Mkononi alishika flashi nyekundu. Alikuwa anauza vitenge Kasese, alitaka nyimbo za kupiga dukani, na wote walimwambia hakuna anayejaza flashi kama Syahuka.

Syahuka, kijana wa Nyakiyumbu, alikuwa mrefu, mweusi tii, na shati lake jeupe lilipigwa pasi vizuri hata vumbi liliona aibu kulikalia. Mtaji wake ulikuwa kompyuta moja, spika mbili na jicho lake. Mfanyabiashara wa Butembo alimwekea rumba. Mlokole alimwekea kwaya. Hakuwahi kuuliza mtu, na watu walimpendea hilo.

Aliitazama ngozi ya Ketura, rangi ya chai yenye maziwa mengi, na nywele laini zilizochungulia chini ya kilemba.

"Nimemaliza."

"Haraka hivyo? Umeona nini?"

"Nimeona muzuri. Ingine utasikia mwenyewe."

Kwenye meza ya jirani mama yake Syahuka, Yudesi, alikuwa anapanga vitunguu. Alicheka. "Muzungu amependwa leo!"

"Mimi si mzungu, mama. Ni Mukonzo kama wewe."

"Na mimi niko askofu," Yudesi akajibu, na meza nzima ya wanawake ikaangua kicheko.

Walipofika Kikorongo, njiani kurudi Kasese, Hamim, msafirishaji aliyembebea Ketura mzigo kwenye lori lake, aliichomeka flashi. Gitaa likalia taratibu, kisha mwanaume akaanza kuimba kwa Kiingereza cha puani juu ya mama yake na garimoshi. Kantri, ule muziki wa wazungu wa Marekani. Wimbo wa pili kantri. Wa tatu kantri. Zote arobaini.

"Wamekuwekea za kwenu!" Hamim alisema, akacheka mpaka akaegesha lori kando ya barabara. Kisha akaendelea kuendesha huku akiimba kila neno la wimbo wa tano, na hakuna aliyemwambia kitu.

Ketura aliuma midomo. Babu yake mzaa mama alikuwa Mgiriki aliyenunua kahawa Beni, akaondoka, akamwacha bibi yake Ketura na mtoto asiyeota meno. Hakuacha kitu ila rangi. Kwa rangi hiyo, shuleni Kilembe, Ketura aliondolewa mstari wa mbele wa kikundi cha ngoma, ingawa mabega yake yalicheza kuliko ya wote. Mwalimu alisema wageni watadhani amekodiwa.

Siku ya soko iliyofuata alirudi Bwera, akaibwaga flashi mbele ya Syahuka.

"Ningekuwa mweusi kama wewe, ungeniwekea hizi?"

Syahuka aliiokota flashi, akaifuta vumbi.

"Jibu! Watu wanasikia. Huna jicho lolote wewe. Unaona ngozi, basi, halafu unajiita fundi."

"Amekupata!" mtu akapiga kelele kutoka kwenye mihogo. "Syahuka, jibu mwanamuke!"

Syahuka alianza kukunja nyaya za spika. Wiki ile wateja walifika kibandani wakijifunika uso kwa kofia na kumuuliza, "Leo utanijuaje?" Siku ya tatu Syahuka alipiga namba ambayo Ketura alikuwa ameibandika kwenye flashi ili isipotee.

"Naomba samahani."

"Ya nini?"

"Ya jicho."

Ketura hakutaka kucheka. Alicheka. "Sasa niwekee nyimbo za watu."

Alimwekea rumba, akamwekea na endara, ile marimba kubwa ya Wakonzo ambayo vipande vyake hulazwa juu ya vigogo vya mgomba na watu kadhaa huipiga pamoja wakitazamana. Akampelekea flashi mwenyewe hadi Kasese. Baada ya hapo simu hazikukatika, na Syahuka akaanza kumwita sheri, yaani mpenzi.

"Sheri, umekula?"

"Nimekula. Unaniuliza kila siku kama nina utapiamlo."

"Nauliza ili niisikie sauti yako ikinikasirikia."

"Basi nimekasirika. Endelea."

Miezi mitatu ikapita hivyo. Kila siku ya soko Ketura alishuka Bwera kwa mzigo wake na kwa mtu wake. Yudesi alimtazama, akaitikia salamu, akarudi kwa vitunguu vyake. "Wasichana weupe hawashiki jembe," alimwambia mwanawe. "Unanitafutia mukamwana ama picha ya kutundika?"

Lakini Ketura alikuwa na siri. Kabla ya kuirudisha flashi alizihamishia zile nyimbo arobaini kwenye simu yake, zimbakie kama ushahidi wa tusi. Jumapili ya kwanza alizisikiliza kwa hasira. Jumapili ya tatu alikuwa anazijua kwa mpangilio. Zilikuwa nyimbo za watu wanaopenda na kuachwa, wanaofanya kazi bila kulalamika, na zilimwingia. Alizisikiliza kwa visikizio, na mteja akiingia alivivua haraka kama mwizi. Hamim aliweza kuziimba barabarani akabaki Hamim. Yeye akiziimba, wangesema wamejua tangu zamani.

Alasiri moja Syahuka alifika dukani bila kupiga simu, amembebea samaki wa Katwe. Ketura alikuwa amempa mgongo, anakunja vitenge, visikizio masikioni, anaimba wimbo wa tisa kwa sauti yote na machozi mashavuni.

Aligeuka.

"Syahuka! Mimi..."

"Hiyo ni yangu. Ya tisa."

"Ngoja nikueleze."

"Ulinivua nguo mbele ya soko lote. Nikaitwa kipofu. Na muda wote unaipenda?"

"Ulipatia kwa sababu mbaya! Hujui ni nini, kila unachokipenda watu wanakirudisha kwa babu ambaye hata picha yake sina!"

"Sijui? Hukuniuliza."

Aliwaweka samaki juu ya kaunta na kutoka. Ketura alipiga simu mara sita. Haikupokelewa hata mara moja.

Alilia siku mbili, kwa kuwa hakuwa jiwe. Siku ya tatu alifungua duka, akapima vitambaa, na katikati ya kupima akaona jambo lote lilivyo. Aibu aliyompa Syahuka hadharani haingeondolewa kwa simu. Na asipozikiri nyimbo zile mbele ya watu wale wale, atavua visikizio maisha yake yote. Hilo hakulitaka. Hata kama Syahuka angemkataa, hilo hakulitaka.

Siku ya soko alivaa gauni lile lile la ndege wa manjano na kupanda lori la Hamim.

Syahuka alipomwona, alijifanya anafuta kompyuta.

"Weka zile arobaini," Ketura alisema. "Kwenye spika."

"Ketura, watu beko hapa."

"Ndiyo maana nimechagua siku ya soko."

Syahuka akabonyeza. Gitaa likatoka juu ya kelele za kuku na bei. Wauza mihogo wakageuka kuona kuna nini.

"Mlinisikia nikimtukana huyu mtu," Ketura alisema kwa sauti. "Sikieni na hii. Nyimbo hizi nazipenda. Zote. Na hazikutoka kwa babu Mgiriki, zimetoka kwenye kompyuta ya kijana wa Nyakiyumbu. Hamim huziimba kutoka hapa hadi Kasese, mmewahi kumuuliza damu yake?"

"Hawajawahi," Hamim alisema kutoka kwenye lori, "na naimba kuliko wewe."

Watu wakacheka. Ketura hakucheka. Alikuwa anamtazama mtu mmoja.

Syahuka aliinuka. "Uliniuliza swali siku ile, sikujibu. Tatu za kwanza niliweka sababu ya ngozi yako. Sidanganyi. Ile ingine yote thelathini na saba ni yangu mwenyewe. Niliipata kwa baba. Alichimba shaba kule Kilembe, na Jumapili redio yake ilikuwa kantri tu. Mimi niliimba shuleni, wakaniita muzungu wa Nyakiyumbu. Mimi huyu, mweusi namna hii! Nikaacha kuimba. Siku ulipokuja, nilitaka mutu mumoja azisikie."

"Ungeniambia."

"Niliona haya. Halafu nilikuwa nakasirika."

"Na sasa?"

"Sasa nimechoka kukasirika, sheri."

Kwenye meza ya vitunguu midomo ya Yudesi ilikuwa inakwenda sambamba na wimbo, neno kwa neno.

"Mama, unaimba!" Syahuka alisema.

"Siimbi. Natafuna." Alijifuta macho kwa ncha ya leso, akamgeukia Ketura. "Wewe. Unajua kupalilia? Kesho niko na shamba."

"Hapana, mama," Ketura alijibu. "Kama ni mtihani wa kuona mimi ni Mukonzo kiasi gani, siji. Kama vitunguu iko na magugu, nitafika asubuhi na jembe langu."

Yudesi alimpima kutoka kilemba hadi viatu. "Iko na magugu," alisema mwishowe.

Syahuka alizunguka meza, akasimama mbele ya Ketura na shati lake jeupe. "Nikileta mbuzi kwenu, bibi aliyekulea atazipokea?"

"Lete zenye afya. Zikikohoa atazirudisha pamoja na wewe."

"Na siku hiyo tutapiga nini?"

"Endara kwanza, nicheze mstari wa mbele. Halafu ya tisa. Tutaiimba wote wawili, na mama atatafuna."

Walikuwa bado wanacheka mwanajeshi mmoja alipofika kibandani, buti zikiwa na vumbi, flashi kwenye kiganja.

"Wee fundi! Niangalie, niwekee. Haraka."

Syahuka alichukua flashi. Alimtazama afande, akamtazama Ketura, akarudisha macho kwa afande.

"Sijui, afande. Wewe unapenda nini?"

Mwanajeshi aliangalia kushoto, akaangalia kulia, akainama akanong'ona.

"Sema kwa sauti, afande," Ketura alimwambia. "Hapa hakuna anayecheka."

Afande alisimama wima. "Za filamu za Kihindi," alisema. "Zile za kulia."