Kambi Aliyoichagua Munir

Ramani ya gari la Munir ilizungumza kwa sauti ya marehemu mama yake, na hilo peke yake halikuwa la ajabu. Bi mkubwa alirekodi maneno yale mwenyewe kwenye simu ya mwanawe, siku moja ya mvua nyumbani kwao Tooting, mtaa wa London, huku akicheka mpaka mtandio ukamdondoka: kata kulia, kata kushoto, nenda moja kwa moja, umefika. Alipofariki, Munir hakuwa na moyo wa kuyafuta. La ajabu lilikuja Ijumaa ile mchana, walipokwisha kuiacha London nyuma yao, sauti iliposema, "Punguza mwendo, Reshma amelala."

Reshma hakuwa amelala. Alikuwa amefumba macho tu, kichwa kakiegemeza kwenye kioo.

"Kaka, umesikia?"

"Nimesikia nini?"

"Mama hakurekodi vile. Mimi nilikuwepo."

"Umeota," Munir alisema, na hakugeuza shingo.

Safari yenyewe lilikuwa wazo lake. Twende milima ya Wales wikendi hii, alimwambia, tupige kambi, mimi na wewe tu, tupumue. Reshma alifurahi kama mtoto siku ya sikukuu. Tangu msiba wa Mama walikuwa wakionana kwa shida, na kila alipotaka kwenda kumwona Insiya, binti wa Munir, aliambiwa mtoto ana mafua makali, asije akaambukizwa.

Sasa hapa kuna jambo lazima lisemwe. Mama yao alikuwa kiti. Asiyejua mambo ya Unguja aelewe hivi: kiti ni mtu aliyekaliwa na jini, ambaye jini humpanda akitaka, humsemea kwa kinywa chake, humpangia ale nini na avae nini. Jini huyo alitoka Unguja na ukoo wao akaingia London bila ya viza. Reshma alikua akimwona Mama anasukuma sahani ya samaki huku mate yanamtoka, kwa kuwa jini hataki samaki. Alimwona anaacha kazi moja baada ya nyingine. Na kiti akifa, jini hutafuta kiti kingine ndani ya damu ile ile.

Kwa hiyo siku ya kuondoa tanga, Reshma alisimama mbele ya wazee akasema waziwazi kwamba yeye hataki kuwa kiti. Watu waliguna. Munir ndiye aliyemshika mkono akaapa kuwa hakuna atakayemlazimisha maadamu yeye yu hai. Reshma aliviamini viapo vya watu wachache sana duniani, na hicho kilikuwa cha kwanza.

Barabara kuu iliisha, ikaja nyembamba, ikaja nyingine yenye majani katikati. Ukungu ulishuka kutoka mlimani. Mtandao ukakatika, na kwenye skrini kikabaki kimshale kimoja kinaelea penye weupe mtupu.

Reshma hakutishika sana. Alikwishapiga kambi na wenzake wa kazini, kwenye duka la dawa, akajua mashine hizi zinavyowatesa watu mashambani. Postikodi moja, ile namba ya posta unayoiandikia ramani, hubeba bonde zima, na ramani haitofautishi njia ya gari na njia ya kondoo. Ndiyo maana wenye kambi huwatumia wageni maelekezo yao wenyewe: usifuate mashine, lipite kanisa la mawe, tafuta geti la kijani.

"Mwenye kambi hakukutumia maelekezo?" aliuliza.

"Hapana haja. Ramani inajua."

"Ramani haijui kitu huku, Kaka. Hebu itazame."

"Kata kushoto," ilisema sauti ya Mama.

Munir akakata kushoto. Hapakuwa na barabara pale, ila mwanya tu katika ukuta wa mawe.

"Munir, turudi tukaulize watu."

"Kaa kimya, mdogo wangu. Tafadhali."

Ndipo Reshma aliposikia harufu ya udi, kwanza kidogo, kama inavyobaki kwenye nguo zilizofukizwa, kisha nzito zaidi, ikichanganyika na marashi ya mawaridi aliyokuwa akijipaka Mama kila jini alipokuwa karibu kumpanda, na kadiri gari lilivyozidi kupanda ndivyo harufu ilivyozidi kumkaba koo, huku changarawe zikilia chini ya matairi, na nyuma ya mlio wa changarawe kukiwa na mlio mwingine wa taratibu, wa miguu mitupu inayotembea sambamba na mlango wake, isiyochelewa wala kutangulia, hata pale Munir alipoongeza mwendo.

"Umefika," sauti ilisema.

Walikuwa ndani ya machimbo ya mawe yaliyoachwa zamani. Hapakuwa na hema hata moja, wala bomba la maji, wala mbwa wa kubweka. Reshma alicheka kwa woga.

"Si nilikwambia? Mashine imetupoteza. Nina ramani ya karatasi kwenye begi, subiri."

Alishuka na kuzunguka nyuma. Alilifungua buti na kusimama pale pale. Begi lake lilikuwapo. Hema halikuwapo, wala magodoro, wala jiko la gesi. Palikuwa na chano kilichofunikwa kitambaa chekundu, juu yake halua, mayai mabichi na mawaridi. Kando yake chetezo kilikuwa kikifuka moshi, na hapakuwa na mtu aliyekiwasha.

"Kaka," alinong'ona, "hema liko wapi?"

Munir hakushuka. Alikuwa amelala kifudifudi juu ya usukani, mabega yanamtetemeka.

Kisha ukungu ukaita. "Reshma."

Ilikuwa ni sauti ya Mama, na iliita vile vile Mama alivyoita kutoka jikoni, mwisho wa jina ukivutwa kidogo. Katika nyumba ile mtoto aliyeitwa na mama yake aliitika hata chakula kikiwa mdomoni, hata akiwa usingizini. Hakufikiri. Aliyelelewa vizuri hafikiri.

"Labeka, Mama."

Miguu mitupu ilisimama. Kitu kikamkalia mabegani, kizito na chenye joto, na mawaridi yakamjaa puani mpaka machozi yakamtoka.

Munir alikuja kwa kukimbia, akampigia magoti kwenye changarawe.

"Jini alimwendea Insiya," alilia. "Mtoto hali, halali, anatukana kwa sauti ya bibi yake. Mganga wa Unguja akasema jini huyu hahamishwi nyumbani. Apelekwe pasipo na watu, na kiti kipya kiitike chenyewe kwa kinywa chake."

"Mganga alinitaja mimi?"

Munir aliinamisha kichwa. "Alisema nichague."

Reshma hakumpiga wala hakupiga kelele. Aliingia garini akafunga mkanda. Walishuka mlima, naye alihisi moyo unamuuma kuliko yale mabega. Jini ni jini, hana undugu na mtu. Huyu alizaliwa naye tumbo moja.

Karibu na kanisa moja la mawe mtandao ulirudi na simu ya Munir ikalia. Alikuwa mke wa Munir, analia na kucheka kwa pamoja: Insiya ameamka, ameomba wali na mchuzi, ameuliza shangazi yuko wapi. Munir aliliweka gari pembeni akashika uso kwa mikono miwili.

"Ungeniomba," Reshma alisema polepole. "Ungeniambia ni Insiya. Ningelia, ningekataa usiku mmoja, halafu ningekuja kwa miguu yangu. Lakini umenileta kama mbuzi wa kafara, Kaka, na bado ukaniambia nilikuwa naota."

"Nisamehe, mdogo wangu. Nisamehe."

Reshma alimtazama, macho yamejaa maji. Akafungua kinywa kumjibu, na sauti iliyotoka ilikuwa ya Mama, laini na yenye huruma.

"Alikuwa anataka kukusamehe," ilisema. "Mimi nimemkataza."