Samaki wa Buluu Juu ya Chanja

Wifi yangu Mwatima ndiye aliyenipa kwanza habari hii. Sogea karibu, mwanangu, nami nikupe wewe.

Kazija ana miaka sita. Mama yake analima mwani baharini.

Bahari ikipwa, huteremka pamoja. Mama hupiga vigingi mchangani. Ko, ko, ko! Kazija hushika kamba.

Mwani ukikomaa, huanikwa juani, juu ya chanja ya miti. Dagaa pia huanikwa chanjani. Pweza naye chanjani. Mama na Kazija huanika huku wakiimba:

"Cha baharini, chanjani!
Cha baharini, chanjani!"

Siku moja mama alipiga kigingi. Ko, ko... ting!

"Jiwe hilo," alisema mama.

"Mama, jiwe halilii hivyo!"

Wakafukua kwa mikono. Kwaru, kwaru, kwaru.

Likatoka bakuli la udongo. Lilikuwa la zamani sana. Zamani, kabla ya bibi. Zamani, kabla ya bibi yake bibi.

Ndani yake palichorwa samaki wa buluu. Jicho lake la duara lilimtazama Kazija.

"Mama, huyu ni mkubwa kuliko wewe?"

"Mkubwa sana. Mwamkie."

"Shikamoo, samaki," alisema Kazija. Mama akacheka mpaka akakaa majini.

Walipofika nyumbani, Kazija alijua la kufanya.

"Cha baharini, chanjani!
Cha baharini, chanjani!"

Akaliweka bakuli juani, katikati ya mwani.

Jua likawaka. Bakuli likakauka. Likaota unga mweupe.

Pukutu! Kikabanduka kipande kidogo cha rangi. Pukutu! Kikabanduka kingine. Ncha ya mkia wa samaki ikapotea.

"Mama! Mama! Samaki anaisha!"

Mama akampigia simu Mjomba Haroub. Mjomba anafanya kazi makumbusho, nyumba ya kutunzia vitu vya kale.

"Mmelianika?" alishangaa mjomba. "Kwani hilo dagaa?"

"Tumezoea, kaka," alijibu mama kwa sauti ndogo.

"Limekunywa chumvi miaka mingi. Likikauka, chumvi inabandua rangi. Litieni kwenye maji ya kisima, sasa hivi! Kila asubuhi mbadilishe maji. Ijumaa nitakuja kulichukua nilipeleke makumbusho, watoto wote waje kumwona samaki."

Mama akajaza ndoo. Kazija akalibeba bakuli kwa mikono miwili. Polepole. Polepole.

"Cha baharini, majini!" alinong'ona. "Cha baharini, majini!"

Chubwi! Povu dogo likapanda. Blu, blu, blu.

Kazija akachuchumaa, akangoja. Akangoja sana. Hakuna kipande kilichobanduka tena.

Usiku, Kazija alijifunika kanga ya mama.

"Mama, mimi ndiye niliyemharibu?"

"Ulimwanika kwa kuwa hukujua. Hata mimi sikujua. Lakini ulipoona anaisha, uliniita upesi."

"Atakuwepo kesho?"

"Atakuwepo. Lala, mwanangu."

Kazija akalala. Fuu... fuu... fuu...

Asubuhi, kabla ya chai, kabla hata ya kunawa uso, Kazija alikwenda kwenye ndoo. Mama akamwaga maji ya jana. Kazija akamimina maji mapya kwa kopo, kidogo kidogo. Churu, churu, churu.

Akangoja maji yatulie. Kisha akainama.

Jicho la duara likamtazama.