Kopi ni Giza Tu

Jioni ilikuwa inaingia msusi aliporudi kutoka saluni, miguu imemvimba kwa kusimama kutwa. Akajitupa kwenye kiti cha kwanza alichokiona.

Kitu kikalia chini yake. Kwaa!

Ilikuwa miwani ya jua ya dada yake.

Siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Dada hakuwa mtu wa kuiacha miwani ile ovyo. Aliivaa asubuhi, akaivaa usiku, akapika nayo, akalala nayo. Tangu alipofiwa na mumewe na kuhamia kwa mdogo wake, miaka sasa, majirani walikuwa wamembatiza jina la Staa, na msusi alicheka pamoja nao kwa sababu usipocheka utalia. Dada aliivua mara moja tu kwa siku, wakati wa kunawa uso. Na wakati huo huo ndio msusi aliochagua kukaa.

Dada akatoka bafuni, uso unachuruzika maji. Akaona. Hakufoka, na laiti angefoka. Alinyakua taulo, akajifunika kichwa kizima, akarudi kinyumenyume hadi kona ya chumba, akaketi sakafuni mgongo umeshika ukuta.

"Peleka kwa fundi," alinong'ona ndani ya taulo. "Sasa hivi. Aweke oriji. Umenisikia? Oriji."

"Dada, kwani kuna..."

"Kama hana, irudishe hivyo hivyo na ufa wake. Kimbia, mdogo wangu."

Msusi akakimbia, leso mkononi, miwani ndani ya leso.

Kibanda cha fundi miwani kilikuwa mwisho wa mtaa, upana wake mlango na nusu. Fundi alikuwa ameshaanza kufunga, lakini alikuwa kijana wa maneno mengi, na mtu wa maneno mengi hamfukuzi msikilizaji. Akaiweka miwani chini ya taa. Akatoa kikausha nywele, akaipasha fremu moto ili ilegee.

"Kumbe tuko kazi moja," msusi akasema, akijaribu kucheka.

"Wewe unapendezesha, mimi naonyesha," fundi akajibu, akasukuma kwa dole gumba. Lenzi ya kulia ikatoka nzima. Ile yenye ufa ikamwagika mezani vipande vipande. "Aa. Pole. Hiyo ilikuwa imeshakwisha."

Akawasha simu yake, akaiweka ile lenzi nzima juu ya kioo cha simu, akaizungusha taratibu. Mwanga ukapungua, ukapungua, kioo kikawa cheusi tititi.

"Unaona? Hii oriji. Inachuja. Ukitazama dimbwi nayo, ule mng'ao wa juu unaondoka, unaona mpaka mawe ya chini." Akachukua nyingine kutoka kwenye boksi, ya kahawia iliyokolea karibu nyeusi vile vile, huwezi kuzitofautisha. Akaizungusha juu ya simu. Hakuna kilichobadilika. "Na hii kopi. Kopi ni giza tu."

"Oriji utaipata lini?"

"Ya fremu hii? Sidhani kama bado zinatengenezwa. Naweza kuulizia, ila usinihesabie siku."

"Na kopi?"

"Unaondoka nayo sasa hivi. Ila niweke zote mbili. Jicho moja likiona tofauti na lenzake, kichwa kitamuuma mwenye nayo."

Irudishe hivyo hivyo, dada alisema. Lakini hivyo hivyo haikuwepo tena. Ilikuwa vipande mezani. Msusi akamfikiria dada yake pale konani, taulo kichwani, akisubiri. Mpaka lini? Rangi ni ile ile. Nani atajua? Akajiambia heri nusu shari kuliko shari kamili.

"Weka kopi."

Kopi zilikuwa nene kidogo. Fundi akachukua tupa ndogo, akaanza kuupanua mfereji wa fremu ambamo lenzi hukaa. *Shh... shh... shh...* Unga mweusi ukadondoka.

"Ujue ya zamani haitakaa tena humu," alisema. "Itadondoka." Akaifunga ile lenzi nzima kwa karatasi laini, akamtia msusi mkononi. "Hii chukua. Za zamani huwa nawarudishia wenyewe. Silali na macho ya watu dukani kwangu."

Nyumbani taa ilikuwa inawaka, mlango uko wazi kama alivyouacha. Dada hakuwa amesogea hata kidogo.

"Ameweka oriji?"

"Ndiyo," msusi akasema. Uongo ukatoka mwepesi kama salamu.

Dada akaivaa miwani chini ya taulo. Kisha akalivuta taulo polepole. Akatazama mlangoni. Akatazama kwa muda mrefu, shingo imemsimama. Akatazama kabatini, jikoni, chini ya meza. Akarudi tena mlangoni.

"Hayupo," alisema.

Hakunong'ona. Alisema kwa sauti, chumba kizima kikasikia.

"Hayupo! Mdogo wangu, hayupo!"

"Nani?"

Dada alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. "Ningekwambia ungenipeleka hospitali. Yule aliyetumwa kwa mume wangu. Nani alimtuma sijui, mpaka leo sijui. Alipomaliza kwake akanigeukia mimi. Siku ya mazishi shangazi wa marehemu alinivisha hii kwa mikono yake. Akasema, mtazame tu. Anayejua anaonekana haji. Nikamuuliza, nikilala je? Akasema, lala nayo. Kioo ni cheusi, hatajua umefumba."

"Alikuwa... wapi?"

"Pale mlangoni, siku zote. Wewe ulikuwa unampita hapa, begani." Akajigusa bega. "Sasa ameondoka. Kachoka mwenyewe!"

Sema sasa, msusi alijiambia. Sema! Akafungua mdomo. Lakini kicheko kile hakuwa amekisikia tangu walipokuwa wasichana wa kulala kitanda kimoja, na alikipenda mno kukikata. Tena nusu yake haikuamini. Mtu mlangoni, miaka yote hiyo? Ujane una mambo yake. Akaufunga mdomo.

"Nisuke," dada akasema.

Hapo msusi karibu alie. Alisuka vichwa vya mtaa mzima, lakini cha dada yake hajawahi, kwa sababu dada hakukubali mtu asimame nyuma yake. Sasa alivuta kigoda mwenyewe, akakiweka katikati ya chumba, akaketi. Mgongo ukaelekea mlangoni.

Msusi akachukua kitana, akaanza kuchambua. Nywele zilikuwa zimefungamana, akazifungua kwa upole, fungu kwa fungu. Dada akalegea mabega. Miwani ilikuwa bado usoni, kwa mazoea tu.

Kisha ikaja harufu.

Mkaa uliomwagiwa maji.

"Umebandika kitu jikoni?"

"Sijapika leo," dada akajibu, sauti imeshaanza kulewa usingizi.

Msusi akagawa nywele za kulia, akazinyanyua juu, akageukia mkoba wake kutafuta kibanio. Akapekua... akakipata. Akageuka.

Lile fungu lilikuwa bado limenyanyuka.

Limenyooka juu, limebana, linasubiri.

Nywele hazijishiki zenyewe. Hilo msusi hakuhitaji kufundishwa na mtu. Kibanio kikamponyoka. Mkono wake ukaingia mfukoni peke yake, ukaitoa ile lenzi kwenye karatasi. Akafumba jicho moja, akaiweka kwenye jingine.

Kwanza aliona kichwa cha dada yake, cha kahawia.

Kisha vidole.

Virefu, vya kijivu, masizi kwenye kucha. Vimelishika fungu la nywele kwa adabu, kama mwanafunzi wa saluni anavyomshikia fundi wake. Nyuma ya vidole kulikuwa na mkono, na mkono ulikuwa mrefu kupita haki yake. Msusi akaufuata kwa jicho, juu, juu... hadi kwenye uso ulioinama juu ya utosi wa dada yake, karibu kiasi cha kunusa.

Uso ukainuka. Ukamtazama yeye.

Haukusogea tena. Shangazi alisema kweli. Anayejua anaonekana haji.

Lakini huyu alikuwa ameshakuja. Alisimama mlangoni miaka yote akiogopa kioo cheusi, mpaka leo alipotazamwa usoni na kusikia kwa masikio yake: hayupo.

Na msusi hakuwa na kioo cheusi usoni. Alikuwa na kipande kimoja kati ya vidole viwili, na jicho lake lilionekana pembeni yake, likiwa wazi, likianza kuwasha. Yule alikuwa analisoma jicho hilo. Alikuwa anangoja.

Msusi akapepesa.

Mara moja tu. Alipofungua, nywele zilikuwa zimeachiwa. Vidole vilikuwa chini ya sikio la dada.

Fikiri. Fikiri! Airudishe lenzi kwenye fremu? Mfereji umepanuliwa, itadondoka. Ampigie kelele dada? Dada angegeuka, na akigeuka angeuweka uso wake juu ya uso ule bila kuuona. Akimbilie kwa fundi? Nani atabaki akitazama?

"Dada," alinong'ona.

"Mmh."

"Inuka taratibu. Usigeuke. Twende nje."

"Niache kidogo jamani." Dada alitabasamu, kichwa kimemlala upande. "Leo ndiyo nimekaa bila ukuta."

"Dada, nilikudanganya. Si oriji. Nimeweka kopi. Dada... nimeweka kopi."

Pumzi ya dada ilikuwa imeshakuwa nzito, ya mtu anayezama usingizini. Machozi yakamjaa msusi jichoni, na kila kitu kikaanza kutetemeka: nywele, miwani, vidole. Alilikaza jicho. Alimwomba Mungu jicho tu, si kingine. Halikumsikia. Likafumba, likafumbuka.

Vidole vilikuwa shingoni, vimeenea pande zote mbili.

Dada akashusha pumzi ndefu ya raha.

"Hapo hapo," alisema, nusu usingizini. "Kanda hapo hapo, mdogo wangu. Mikono yako leo ina baridi nzuri."

Mkono mmoja wa msusi ulikuwa umeshika lenzi. Wa pili alikuwa ameuziba nao mdomo wake mwenyewe.

Jicho likaanza kuwasha tena.