Kiti cha Nyuma

Kubeba kafi ndani ya duka la vifaa vya ujenzi siku ya Jumamosi ni kutafuta ugomvi. Duka lilifurika watu, mabati na ndoo za rangi, na binti mmoja alipogeuka ghafla kumjibu muuzaji, ncha ya kafi lake ilimvua kofia kijana aliyekuwa nyuma yake, kofia ikatua kwenye karai la saruji mbichi.

"Samahani, kaka! Sikukuona kabisa."

Kijana alimtazama. Binti alikuwa hajavua koti jeupe la kazini juu ya gauni lake la njano, na kifuani lilidariziwa kwa uzi wa buluu: Mpima Macho.

"Hukuniona," alisema kijana polepole. "Na wewe ndiye unayetupima macho."

Foleni nzima iliangua kicheko. Mpima macho aliona haya mpaka masikio yakapata moto, lakini naye alicheka. Kijana alikuwa fundi wa mitumbwi, mrefu, ovaroli imejaa madoa ya rangi, na karakana yake ilikuwa ukingoni mwa ziwa la mjini. Jioni ile ile binti alimpelekea kofia mpya, nyekundu. Kesho yake fundi alipiga simu kusema kofia inambana. Keshokutwa yake akapiga tena kusema imelegea.

"Hebu niambie, hiyo kofia ina matatizo gani?"

"Haina. Mwenye matatizo ni mimi, sijasikia sauti yako tangu jana."

Hapo hata kipofu angeona mambo yanakoelekea.

Sasa, binti huyu alikuwa na lake. Tangu utotoni alipiga kafi na dada yake kwenye mtumbwi wa watu wawili. Yeye mbele akivuta, dada nyuma akishika njia. Na dada alishika njia hata nchi kavu. Ndiye aliyemchagulia chuo, chumba cha kupanga, mpaka mtindo wa nywele. Lakini dada sasa alikuwa mjamzito, tumbo limetangulia mbele, na daktari alimwambia mitumbwi basi. Mdogo mtu akabaki na kafi mkononi kama mjane.

"Jaribu mtumbwi wa mtu mmoja," fundi alimwambia. "Nitakushikia."

Mzoea punda hapandi farasi. Fundi alisimama majini mpaka mapajani, akaushika mtumbwi mdogo utulie. Binti aliingia na moja kwa moja akaenda kukaa kwenye ncha ya mbele, akaacha nafasi tele mgongoni. Mtumbwi uliinamisha pua na kuinua mkia.

"Mpenzi, hiyo nafasi unamwekea nani?"

Binti aligeuka, akaona hakuna mtu, akajicheka mwenyewe. Fundi alimpigisha magoti katikati. Binti akapiga kafi kulia kwa nguvu zote, kama alivyozoea, na mtumbwi ukakata kushoto, ukazunguka, ukazunguka tena.

"Dada, shika njia!" alipiga kelele kabla hajajizuia.

Fundi alishika mbavu kwa kucheka. Kisha alimsogelea, akauweka mkono wake juu ya mkono wa binti. "Kafi likifika kiunoni, geuza mkono, dole gumba litazame chini. Halafu sukuma maji kidogo yatoke ubavuni. Kidogo tu, usigombane nayo."

"Na wewe unanishika mkono kwa ajili ya kafi tu?"

"Kafi ni kisingizio."

Binti alikwenda mita chache, akafurahi mno, akaanguka majini na gauni lake.

Jioni alimpigia dada. "Ya nini kujitesa?" dada alisema. "Mwambie huyo fundi wako akae nyuma, yaishe."

Jumamosi iliyofuata binti alifika amependeza, kilemba cha kijani, heleni ndogo. "Leo tupande ule wa wawili, mpenzi. Kaa nyuma yangu."

"Sikai."

"Leo tu, jamani."

"Hata leo. Kiti hicho sikitaki."

Fundi huyu angeweza kukuhadithia mbao jioni nzima, ila mambo ya moyo yalimfunga ulimi. Aliinama akaendelea kupiga msasa. Binti alisubiri neno lingine, halikuja. Hanitaki, alijisemea, na akaondoka huku machozi yakimtoka. Simu ililia wiki nzima, hakupokea. Hasira hasara: kazini alimvalisha mzee mmoja miwani ya kusomea, kisha akamwambia atazame nje ya dirisha.

Siku ya mapumziko dada alipiga. "Achana naye huyo. Nimeshakutafutia mwingine, rafiki wa shemeji yako. Mpole, ana kazi nzuri, na kukaa nyuma anajua."

Binti alijiona amewekwa mbele tena, mgongo kwa anayeamua, na safari hii iliyoamuliwa ilikuwa ndoa yake.

"Dada, nitakupigia baadaye."

Alifika ziwani, karakana imefungwa. Ng'ambo ya pili, kwenye gati, aliona kofia nyekundu imeinama ikipigilia mbao. Angeweza kuita teksi na kuzunguka. Lakini mtumbwi mdogo ulikuwa pale, na kafi ndani.

Alipiga magoti katikati. Upepo ulimsukuma ubavuni, mtumbwi ukazunguka mara moja. Akavuta pumzi, akageuza dole gumba chini, akasukuma maji kidogo. Pua ikanyooka. Alikwenda hivyo, akipotoka na kujirudisha, mpaka mtumbwi ukagonga gati na fundi akainuka.

"Umekuja na nani?"

"Na nani tena? Peke yangu. Nilidhani hunitaki."

"Nisikutake? Mimi nalala na kofia kichwani!"

"Basi kwa nini ulikataa kukaa nyuma?"

Fundi aliitazama nyundo mkononi. "Kwa sababu ungenifuata kama unavyomfuata dada. Halafu siku moja ungegundua ulinipenda kwa vile kiti kilikuwa wazi. Nakupenda. Nilitaka uweze kwenda unakotaka, ndipo uje kwangu."

"Ungesema hivyo siku ile, nisingelia wiki nzima."

"Najua. Nisamehe, mpenzi."

Binti alishika ukingo wa gati, magoti yamelowa. Hajawahi kumpenda mtu kiasi hiki.

"Nataka tuoane," alisema.

Nyundo ilimponyoka fundi, ikazama. Hata hakuitazama.

"Umemuuliza dada?"

"Sikumuuliza," alijibu. "Jioni nitamwambia."